Pembe ya Pili ya Faru wa Java

Mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka tisa, husikia Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo alipokubali kusimama katika ukumbi wa kanisa letu hapa ugenini, Mount Druitt, na kueleza kwa Kiswahili habari za mnyama mmoja wa uumbaji, nyumbani tulilichukulia jambo hilo kwa uzito. Alimchagua faru wa Java.

Mimi ndiye niliyemjulisha kuhusu mnyama huyo. Nilitumikia idara ya wanyamapori huko Tanzania hadi nilipostaafu, na nilimweleza kwamba Asia ina faru wa aina tatu: wa India, mwogeleaji hodari apendaye nyasi ndefu za mabondeni, wa Sumatra, mdogo kuliko wote, mwenye manyoya na pembe mbili, na wa Java, mwenye pembe moja fupi, ambaye leo amebaki katika msitu mmoja tu duniani. Akamuunda kwa karatasi na gundi, mikunjo ya ngozi ikikaa kama vipande vya deraya. Jumamosi tukampeleka faru huyo ukumbini na kumwacha huko.

Jumapili tulimkuta ana pembe mbili.

"Tumewarekebishia," alisema mwenyekiti wa kamati ya onyesho hilo la watoto, muuguzi kutoka Kenya, mama mcheshi. "Mzee, faru wa pembe moja ni wa wapi? Ama hiyo ingine ilibebwa na majangili?"

Watu wakacheka. Mimi, niliyesimama mara nyingi mno mbele ya mizoga ya faru iliyokatwa nyuso, sikuweza kucheka.

"Mama, huyu ni faru wa Java. Ndivyo alivyoumbwa."

"Mzee wangu, tunafundisha watoto vitu vya nyumbani. Faru ni pembe mbili, hata mtoto wa nasari anajua."

"Mtoto wa nasari yuko sahihi kuhusu faru wa kwetu. Kamati imekosea kuhusu huyu, na imekosea bila kuuliza."

Mjukuu wangu alikuwa amejificha nyuma ya koti langu. Akaninong'oneza kwamba hatasema neno mpaka pembe ile itoke. Niliomba mkasi, na mwenyekiti akaniletea mwenyewe. Sijapata maishani kukata pembe ya faru. Hata hii ya karatasi, mkono ulikataa kwanza. Nilipoikata, ngozi ilichunika nayo, pakabaki kidonda cheupe juu ya pua.

Mtoto akakitazama, kisha akapanda jukwaani.

"Huyu ni faru ya Java," alisema. "Ana pembe moja. Wote wanakaa msitu moja tu."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliinua mkono polepole, na safari hii uso wake ulikuwa wa kazini, wa wodini.

"Na ugonjwa ukiingia huko, mwanangu? Watahamishiwa wapi?"

Mjukuu wangu alinitafuta kwa macho. Nilitikisa kichwa, kwamba hata mimi sijui.

"Sijui," akajibu, kwa Kiswahili.