Makofi kwa Kipa Aliyetuhama

Watu wasiofuata mpira hudhani uchungu wa shabiki uko uwanjani. Hapana. Uwanjani unapigwa, unalia, unarudi nyumbani kula. Uchungu wenyewe uko katika zile wiki zisizo na mechi, ambazo huku Goma tunaziita merkato, wachezaji wanapohama na wengine kuletwa. Mtu anakusalimu vizuri asubuhi, na jioni unasikia amevaa jezi ya wengine. Timu yetu ya Keshero imeniliza zaidi katika wiki hizo kuliko katika mechi zote.

Acha nieleze polepole. Mimi ni mwalimu, sijui kueleza kwa haraka.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa na vijana wa kupendeza. Winga wetu wa kulia alikuwa na mbio nyingi, lakini alikimbia akitazama chini kama mtu aliyeangusha funguo. Kila baada ya mechi nilimwambia, "Inua kichwa, mwanangu, goli haliko kwenye mawe." Katikati tulikuwa na kijana kutoka Butembo ambaye wengi walimwona mzito. Niliwaambia wasimtazame yeye, watazame mpira unakwenda wapi ukitoka kwake. Waliotazama walianza kumpenda. Beki wa kushoto hakuwa na kipaji kikubwa, ila hakuwahi kukata tamaa, na mimi mtu wa namna hiyo namchukua kabla ya mwenye kipaji.

Nyuma yao wote alisimama kipa. Huyo alikuwa navyo vyote viwili.

Mama yake alikuwa mtu wa Masisi, mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Kila mechi aliketi juu ya jiwe nyuma ya goli la mwanawe, na kipindi cha pili alihamia goli la upande mwingine pamoja naye. Nami niliketi pembeni yake. Mpira wa juu ukija alipaza sauti: "Toka! Toka, mutoto, ni yako hiyo!" Na mtoto, mwanamume mwenye ndevu, alitoka na kuudaka. Wimbo wetu wa kipa aliuanzisha yeye: mlango umefungwa, mgeni rudi kwenu. Tuliuimba mpaka watoto wa darasani kwangu wakauimba wakifunga madirisha.

Sasa kuna timu ya upande wa pili wa mji. Nisiitaje. Katika mechi yetu ya mwisho nao msimu ule, mashabiki wao walimvalisha mwanamume mmoja kikwembe na kitambaa cha kichwa, wakamtia matambara matakoni, wakamketisha juu ya jiwe nyuma ya goli lile jingine. Kila mpira ulipokwenda juu aliruka akilia kwa lafudhi ya Masisi, "Toka, mutoto!" Uwanja mzima ulicheka. Mama naye alicheka mwanzoni, kwa adabu. Kisha akaniambia, "Mwalimu, nyonga inaniuma, acha niende." Hakurudi tena uwanjani. Alikuwa na ugonjwa wa moyo wa siku nyingi, na kabla ya msimu kwisha alifariki. Sisemi kicheko kilimuua. Nasema tu kwamba mechi ya mwisho aliyoiona ni ile.

Kwenye matanga tulifanya yote yaliyotupasa. Ngoma kubwa ya mashabiki ilipakiwa kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, ikasukumwa hadi makaburini. Wachezaji walibeba jeneza wakiwa na jezi. Wamama tulipika, tukalala pale chini na wafiwa. Siku ya kuondoa matanga, kipa alisimama mbele yetu sote, macho mekundu, akasema:

"Mama yangu mulimuzika nyinyi. Miye siwezi kwenda fashi ingine. Na bale balimucheka, hata kufa, sitavaa jezi yabo."

Hakuna aliyemwomba aseme hivyo. Alijisemea mwenyewe.

Merkato ilipoanza, picha ilipita kwenye simu za watu. Alikuwa amevaa jezi ya wale wale, kiongozi wao amemshika bega, na anacheka.

Hapa nataka nieleweke. Mchezaji ana miaka michache ya kucheza, na miguu yake ni mali yake. Angekwenda Bukavu ningemsindikiza bandarini. Angekwenda Kinshasa ningemwombea. Hata angekwenda kwa wale bila kuapa, ningenuna wiki mbili na kuendelea na maisha. Lakini aliapa juu ya udongo ambao ulikuwa haujakauka, kisha akaenda kuwadakia waliomcheka aliyemo ndani yake. Jambo hilo nilitaka lilipwe. Na nilitaka alipwe yeye mwenyewe, mbele ya watu.

Kabla ya mechi yetu ya kwanza nao, mashabiki tulikutana katika karakana ya muzee anayechonga chukudu, ambaye ndiye mpigaji wa ngoma yetu. Kila mmoja alikuja na hasira yake. Wengine walitaka kumzomea tangu anashuka kwenye gari. Wengine walitaka kuleta mavi ya kuku. Niliwaacha waseme mpaka wachoke, kama ninavyofanya na darasa la sita.

"Tukimuzomea," nikasema, "watu wake watamupenda zaidi. Atadaka kama simba. Sisi tumushangilie."

"Tumushangilie?" muzee akauliza. "Ule mutu?"

"Kila akigusa mpira. Makofi, ngoma, wimbo wake wote."

"Mwalimu, uko na homa?"

Nikaeleza hatua kwa hatua. Huku kwetu mchezaji aliyehama, siku anapokutana na timu yake ya zamani, hatazamwi na wapinzani, anatazamwa na wenzake. Wanangoja kuona kama moyo wake umebaki alikotoka. Akikosea kidogo tu, watasema ameuza mechi. Hakuna atakayemuuliza kama jua lilimpiga machoni au mpira uliruka juu ya jiwe. Basi sisi tuwaonyeshe kwamba bado ni wetu. Kazi nyingine waifanye wao.

Kisha muzee akaanza kucheka, akashika nyundo yake tumboni.

"Weye mwalimu weye! Sura kama ya sista wa parokia, na ndani ni pilipili!"

"Basi, papa, utapiga ngoma?"

"Nitapiga mpaka ngozi ipasuke."

Siku ya mechi tulikaa nyuma ya goli lake. Alipokuja kupasha misuli alikuwa amekaza shingo, akingoja matusi. Tukasimama wote na kupiga makofi. Muzee akaingiza ngoma, wamama tukaimba: mlango umefungwa, mgeni rudi kwenu. Aligeuka. Niliuona uso wake ukilegea kama wa mtu aliyeteremshiwa mzigo. Akaweka mkono kifuani, akainama kutusalimu.

Upande wa pili mashabiki wake wapya walimwona akiinama. Minong'ono ilianza hapo hapo.

Mpira ulipoanza hatukumwachia nafasi ya kupumua. Akidaka, makofi. Akipiga mpira mrefu, makofi. Beki wake mmoja alimgeukia na kumuuliza jambo kwa ukali, naye akajibu kwa mikono kwamba hajui. Kisha winga wetu wa kulia, akitazama chini kama kawaida yake, akapiga shuti dhaifu ambalo mama yeyote wa Keshero angelizuia kwa kikwembe. Kipa alipiga goti. Mpira ukagusa jiwe, ukampita chini ya mkono.

"Ameuza! Ameuza!"

Sauti hiyo haikutoka kwetu. Chupa za maji zilianza kuruka, na zilitoka kwa watu wake. Sisi tuliendelea kuimba jina lake kwa upendo wote. Mapumziko yalipofika kocha wao alimtoa. Alipita mbele ya mashabiki wake akiwa amejifunika kichwa kwa taulo, na niliyashuhudia yote hayo nikiwa nimesimama wima, moyo wangu umetulia kabisa.

Nafasi yake aliingia kipa wa akiba, mrefu, mwembamba kama mwanzi. Huyo alidaka kila kitu. Alizuia hata penalti yetu. Wao wakafunga mawili, tukapoteza mechi.

Tukirudi, muzee alikuwa anasukuma ngoma kwenye chukudu yake. Mwishowe akasema, "Mwalimu, tumepigwa."

"Ndiyo, papa."

"Na weye unatabasamu."

"Pointi tutazitafuta wiki ijayo," nikamwambia. "Hiki nilichokuja kuchukua leo nimekipata."

Tangu siku ile hawakumpanga tena. Alikaa kwenye benchi msimu wote, na watu wa mtaa wao walimwita muuza mechi hata alipokwenda kununua mkaa. Sisi tulimweka golini mtu aliyekuwa mwema sana na aliyeogopa mipira ya juu, tukanusurika kushuka daraja.

Kwa hiyo merkato iliyofuata, kiongozi wa timu yetu alikuja na wazo la kumrudisha. Kikao kilifanyika darasani kwangu baada ya misa. Kipa mwenyewe alikuja, akaketi kwenye dawati la watoto, magoti yamemfikia kifuani. Alikuwa amekonda. Kiongozi akasema kipa bora mjini ni huyu, na asipopata timu safari hii, mpira wake umekwisha. Lilikuwa neno la kweli. Kisha akasema kwamba hatamchukua bila mashabiki kukubali, na akanipa nafasi ya kusema kwa niaba yao.

Kabla sijafungua kinywa, kipa aliinuka.

"Mwalimu, miye nilikosa. Lakini siku ile mulinipigia makofi. Batu bote balinitupa, ni nyinyi tu mulibaki na miye. Kila nikikumbuka, ninasema: kwetu ni kule. Njo maana nimerudi."

Nilimtazama. Kumbe mwaka mzima alikuwa amelalia makofi yale kama mto. Muzee alikuwa amekaa karibu na dirisha, akatazama nje. Kila mtu mle ndani alijua, isipokuwa kiongozi na yeye. Ningeweza kunyamaza. Angesaini, na tungekuwa na kipa.

Nikasogea ubaoni, mahali ninaposimama nikieleza, na nikamweleza kwa sauti ile ile niliyo nayo kwa mtoto asiyeelewa ugawanyaji. Nilimweleza kikao cha karakana. Nilimweleza kwa nini hatukumzomea, kwa nini tuliimba wimbo mzima, na kwa nini tuliimba kwa nguvu zaidi baada ya lile goli. Nilipofika mahali alipoinama kutusalimu, nilimwambia kwamba hapo ndipo tulipojua imekamilika. Sikumwambia asirudi, wala sikumtukana. Nilimuuliza kama ameelewa.

Aliegemeza mkono juu ya dawati.

"Na mama yangu," akasema, "angekuwa hai, angeimba na nyinyi?"

"Angeanza yeye."

Alitikisa kichwa kidogo, kama anayekubali hesabu. Akachukua mfuko wake wa glavu, akamuaga muzee kwa heshima, akatoka. Kiongozi alinifokea, akaniuliza sasa atadaka nani.

"Yule murefu," nikamjibu. "Yule aliyezuia penalti yetu. Wale hawajui bado wana nini."

Viongozi wetu walimchukua yule mrefu, na naomba msimkatie tamaa mapema. Mikono anayo na macho anayo, kasoro yake ni moja, huchelewa kutoka kwenye mipira ya juu. Hilo linafundishika. Huwa naketi nyuma ya goli lake, na taratibu anaanza kunisikiliza.