Lulu za Mama Zilizoliwa na Ndimu

Mama alituachia nyumba ya makuti hapa Mlingotini, hereni mbili za lulu, na mimi. Niliacha shule darasa la sita nikawalea wadogo zangu. Hereni sikuziuza hata tulipokula mihogo mitupu. Zilikuwa za mdogo wetu wa mwisho, siku atakayoolewa.

Wiki ya harusi, shangazi wa bwana harusi akaja kutoka Bagamoyo mjini kukagua mapambo. Akaziinua hereni dirishani, akasema ni plastiki, na kwamba angemwazima bibi harusi dhahabu yake. Mdogo wangu akalia, akasema bila za mama ataolewa masikio matupu.

Mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, akaapa kumkomesha yule shangazi. Nilipokwenda kununua mchele, akazitia hereni kwenye bakuli la ndimu na majivu, kama tunavyong'arisha vikuku vya fedha. Nikarudi nikakuta lulu zimepauka kama macho ya samaki wa kuchemsha.

"Mbona zangu nazisafisha hivi hivi miaka yote na hazipauki?" akajitetea, akinionyesha mkufu wa lulu aliopewa na mumewe.

Kesho yake shangazi akarudi. Akatazama hereni, akatazama ule mkufu, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mwenzangu, ndimu inakula lulu. Plastiki haiiwezi. Kamuulize mumeo."

Mama mdogo akaufunika mkufu kwa mtandio. Shangazi akazisugua hereni kwenye meno yake, zikakwaruza kama mchanga. Kweli ni lulu. Lakini hakuridhika; akataka kujua ni za baharini zenyewe au za kufugwa. Nikamwambia sijui. Niliwahi kufanya kibarua cha kufuga chaza: tunampachika kitu ndani, anakereka, anakifunika kwa ute wake mpaka kinakuwa lulu. Yule wa baharini hukerwa na bahati mbaya tu, na kwa kuwa bahati hiyo ni adimu, lulu yake ina bei. Kazi ya chaza ni ileile.

"Basi hazing'ari tena, mwanangu," shangazi akamwambia bibi harusi, akivua dhahabu yake. "Vaa hizi."

"Nitavaa za mama."

Shangazi akarudisha dhahabu masikioni mwake. Siku ya harusi alipita kwa kila mgeni, bila kuulizwa, akieleza kwamba hereni za mkwe wake zimepauka kwa sababu ni za kweli.