Kambale wa Mama Chansa

Mwanangu, siku moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko zote, nayo ni siku niliyokula kambale kwa mara ya kwanza. Usicheke. Subiri nikueleze.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, kanisa dogo la mji wa Likasi lililoshika sheria ya Musa hata mezani. Nguruwe, marufuku. Samaki asiye na magamba, marufuku. Hata chakula cha sufuria iliyowahi kupikia vitu hivyo hatukukila. Jirani yetu kule Shituru, Mama Chansa, tuliyepakana naye ukuta, alituita kula mara nyingi, nasi tulikuwa na jibu moja: “Asanti, mama, tumeshiba.” Tuliona haya kumwambia sababu. Mficha uchi hazai, lakini sisi tulificha tu, mwaka baada ya mwaka, na hatukuwahi kuonja hata chumvi yake.

Kisha nchi ikaharibika. Kiwanda cha shaba kikapooza, mishahara ikakoma, na wanasiasa wakapata wa kumlaumu: sisi wenye asili ya mkoa wa Kasai. Turudi kwetu, walisema. Kwetu wapi? Mimi nilizaliwa Likasi hapo hapo. Ni babu yangu aliyeletwa kuchimba shaba. Vijana wakaja kututoa nyumbani, wengine nilisoma nao darasa moja. Tukahamia steshoni pamoja na wenzetu wengi, chini ya maturubai, tukingoja treni ya Kasai isiyojulikana siku yake. Hapo ukazuka uvumi kwamba watu wa mji wanatutilia sumu katika chakula. Na vijana wale nao walimtisha yeyote aliyetaka kutusaidia. Basi hakuja mtu.

Mchana mmoja akaja Mama Chansa. Alipita katikati ya vijana, beseni kichwani, wakimzomea, hadi kwenye turubai letu. Akafunua: bukari, ule ugali wetu wa Katanga, ungali moto, na kambale wa kukaushwa katika mchuzi wa nyanya. Mama yangu akatazama chini. Wadogo zangu wakatazama beseni. Na mimi, niliyekuwa na njaa hadi masikio yanavuma, mdomo ukafunguka wenyewe.

“Asanti, mama, tumeshiba.”

Hakukasirika. Heri angekasirika.

“Miaka yote munasema mumeshiba,” alisema. “Leo pia mumeshiba? Hapa? Ao munazani minye pia niko na sumu?”

Akainama kuchukua beseni lake. Nikajua kwamba akiondoka nalo tumempoteza mtu wa mwisho katika mji ule aliyetuita majirani.

Baba ndiye aliyeshika ukingo wa beseni. “Hapana, mama. Hatukushiba. Tuko na njaa sana. Na ile miaka yote tulikuwa tunakudanganya. Kanisa yetu inakataza ile samaki, na tulikuwa na haya ya kukuambia. Utusamehe.”

Mama Chansa akashika kiuno. “Njo sababu ile tu? Minye nilizani munaniona muchafu!”

Akaanza kucheka, huku machozi yanamtoka, na mama yangu naye akacheka na kulia. Baba akanawa mikono, akamega tonge, akachovya, akala. Nikamnong'oneza, “Papa, na sheria?”

Yeye hakunong'ona. “Ngalula, Petro alikuwa anakula na bantu ba inje. Siku aliogopa, akatoka ku meza yabo. Paulo akamugombeza mbele ya bantu bote. Weye unataka Paulo anikute wapi?”

“Lakini ni weye ulitufundisha.”

“Ni kweli, nilifundisha. Sheria ilinishika mukono, sawa vile mutoto anapelekwa ku masomo. Sasa tumefika. Kula.”

Nikala. Mwanangu, kambale ni mtamu! Sijui kama ulikuwa utamu wa samaki tu, au ni ule uongo wa miaka ulionitoka kifuani. Nilijisikia mwepesi, nikataka kuimba. Na watu wa turubai la jirani, waliokuwa wakiogopa sumu, walipomwona mzee wa kanisa anakula mbele yao, wakasogea na sahani zao. Kesho yake Mama Chansa alirudi na wanawake watatu wa mtaa wake. Wakaendelea hivyo mpaka treni ilipofika, naye ndiye aliyetupandishia vifurushi kupitia dirishani.

Sikuambii udharau sheria. Baba aliishika nyumbani kwake hadi kufa, na mimi hadi leo nguruwe simli. Ila ukiona sheria yako inakufundisha kumdanganya jirani, simama uitazame vizuri. Ibrahimu alimwamini Mungu kabla ya amri yoyote kuandikwa, na imani yake ikatosha. Wahenga nao walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nami naongeza kwamba Mungu anapomtuma rafiki huyo, humtuma na sufuria yake mwenyewe. Usimwulize imepika nini. Uliza amepita wapi ili akufikie.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe imani isiyoogopa watu, na kila utakapokuwa na njaa, akupe ujasiri wa kusema una njaa. Amina.