Siku Shangazi Aliposafisha Friza la Bibi

Juzi shangazi yangu aliye Marekani alituma kwenye kundi la familia picha ya trei ya mayai, na chini yake malalamiko marefu. Baba mdogo akajibu kutoka Ujerumani kwa picha ya mkate. Naye baba yangu, aliyekuwa kwenye foleni ya bucha hapa kwetu Granville, kusini kabisa mwa dunia, akatuma bei ya mbavu za kondoo. Ndugu watatu, mabara matatu, na mazungumzo yao ni hayo hayo miaka yote: kwenu kiasi gani, kwetu kiasi gani. Nilicheka pamoja nao, kisha nikaizima simu. Nikiwasikia wakilinganisha bei, narudi kwenye Ramadhani moja ya baridi nilipokuwa na miaka kumi, na uso unaniwaka moto.

Kama ulilelewa na bibi utanielewa. Bibi yetu, mama wa hao watatu, aliletwa kutoka Tanga akiwa mtu mzima, tukakaa naye kwenye nyumba ya matofali nyuma ya gereji za magari. Majira ya joto, yeye na jirani yetu, mama mmoja wa Bukavu aliyefanya kazi ya kutunza wazee, walipanda maboga kwenye uzio. Mashina yalipanda huku yakashukia kule, hata ikawa haijulikani boga ni la nani. Jumamosi walikaa kibarazani wakitoa nyuzi kwenye majani, Bibi na Kiswahili chake cha Tanga, jirani na chake cha Bukavu, wakisahihishana na kuchekana. Sisi watoto tukiitwa kusaidia tulijibu kwa Kiingereza, tukakimbia. Majani yalichemshwa kidogo, yakakamuliwa, yakafungwa kwenye mifuko ya mkate iliyooshwa na kuanikwa kambani. Yalikwenda kwenye friza la Bibi, chumba cha kufulia, pamoja na nazi aliyoikuna mwenyewe na vipande vya papa mkavu. Hiyo ndiyo iliyokuwa futari yetu ya majira ya baridi. Na jirani, ingawa ni mtu wa kanisani, alipelekewa bakuli lake kila magharibi.

Mwaka ule, kumi la mwisho la Ramadhani, Shangazi na Baba mdogo walikuja kumwona mama yao. Kesho yake Mama alitupeleka wote supamaketi. Shangazi alichukua matoroli mawili. Kila rafu alisimama. "Hii kwetu nusu bei! Na hii, ah, hii kwenu rahisi." Alipofika kwa keshia akashangaa kuwa bei iliyoandikwa ndiyo aliyotozwa. "Kwetu bei ya rafuni ni ya kukudanganya, wifi. Kodi inakungoja mlangoni."

Baba mdogo yeye alitoa mfukoni mkoba wa kitambaa uliokunjwa, akatia nyanya nne na kitunguu.

"Unanunua kama mtu wa hospitali," Shangazi akamwambia.

"Nanunua ninachokula, dada. Kwetu Jumapili maduka yanafungwa, na hakuna anayekufa."

Mama alikuwa akiyatazama matoroli ya Shangazi, piza, kuku wa kukaanga, aiskrimu za makopo makubwa, kwa macho yale yale tuliyoyatazamia sisi watoto.

Tulipofika nyumbani vitu havikuingia vyote kwenye jokofu. Bibi alikuwa kliniki na Baba. Shangazi akafungua friza, akainua mfuko mmoja wa mkate kwa vidole viwili. "Wifi, uchafu gani huu mnauweka?"

Nilimwangalia Mama. Nilidhani atasema ni vya Bibi. Aliona haya, nadhani, haya ya ile mifuko iliyooshwa mbele ya mgeni wa Marekani. Akasema polepole, "Ah, vya zamani tu hivyo." Basi vikatolewa vyote. Mimi na kaka yangu tukauburuta mfuko mweusi hadi kwenye pipa, ambalo lilikuwa limeshatolewa barabarani kungoja gari la taka. Tulikwenda tukiimba, maana tulikuwa tumeahidiwa aiskrimu baada ya futari.

Bibi alishushwa na Baba alasiri, akaenda kutoa majani ya kupika. Tulimsikia akifungua friza.

"Mizigo yangu iko wapi?"

"Nimekusafishia, Mama," Shangazi akasema kwa furaha. "Nitakununulia vipya, vizuri zaidi."

Bibi akavaa koti juu ya kanga, akatoka hadi kwenye pipa. Alikuwa mfupi, pipa lilimfika kifuani. Aliinama mpaka kichwa kikapotea ndani. Baba mdogo alimkimbilia, akakunja mikono ya shati lake jeupe, wakawa wanachakura wawili, majirani wanapita. Sisi tulisimama dirishani, na Mama nyuma yetu.

Wakati huo ndipo jirani yetu alipokuwa anatoka stesheni, bado na sare ya kazi. Akasimama. Mifuko ilikuwa imepangwa chini kandokando ya barabara, na majani aliyoyatoa nyuzi kwa mikono yake yalionekana wazi.

"Mama, munatafuta nini mule?"

Bibi akanyanyuka, akajifuta mikono kwenye koti. "Watoto hawa, mwanangu. Wamekosea mfuko."

"Ah, batoto," jirani akasema. Lakini alitazama juu, moja kwa moja kwenye dirisha letu, na Mama akarudi nyuma ya pazia.

Majani yalikuwa yameshayeyuka, hayarudi tena kwenye friza. Bibi akayapika yote usiku ule kwa sufuria kubwa. Shangazi alikula kidogo, akaenda chooni, akakaa huko muda mrefu, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Aliushika mkono wa Bibi. Bibi akampa, kisha akauchomoa akaendelea kukusanya vyombo. Bakuli la jirani alilipeleka Baba mdogo, kwa sababu Mama alisema kichwa kinamuuma.

Majira ya joto yaliyofuata jirani alileta majani kama kawaida, kapu zima. Bibi akachukua konzi mbili. "Haya ya leo yanatosha," akasema, akamrudishia mengine kwa heshima kabisa. Jirani akaelewa. Mwaka wa pili maboga hayakupandwa. Baadaye akahamia Rooty Hill, na Bibi akatutoka bila kuweka tena kitu chochote kwenye friza lile.

Siku hizi Granville majani ya maboga yanauzwa yameganda, kwenye pakiti safi yenye picha. Majuzi nilikuwa dukani na Mama, nikaichukua moja, nikamwuliza kama jirani yetu bado yuko Rooty Hill, twende tukamsalimie siku moja. Mama aliigeuza ile pakiti huku na huku kama anayesoma.

"Nitamwambia nini?" akasema. Akaenda kupanga foleni.