Msitu wa Neti

Jina la Mama Hamahama hakupewa na mtu mmoja siku moja. Lilimganda polepole, kama linavyomganda yeyote afanyaye jambo lilelile mbele ya macho ya wengi. Kila baada ya muda aliinama katika kitalu chake ndani ya uwanja wa zahanati, akaichukua miche ya safu ya kulia akaipeleka kushoto, kisha ya kushoto akairudisha kulia. Wanawake waliopanga foleni ya kliniki ya watoto hawakuwa na kingine cha kutazama, wakaanza kuulizana, "Leo wanahamia wapi?" Wifi yake, fundi cherehani mwenye kibanda ng'ambo ya barabara na ulimi usiopoa, ndiye aliyemalizia kazi.

"Wifi, hata wapangaji wakorofi hawahamishwi hivyo! Wewe ni Mama Hamahama."

Mwenyewe alicheka, kisha akaeleza, maana hakuwa mtu wa kukasirishwa na mzaha. Miche hukuzwa katika viriba, yaani vile vifuko vyeusi vya plastiki. Mche ukikaa mahali pamoja kwa muda mrefu, mzizi wake hutoboa kiriba na kuzama ardhini. Ukishazama, mche umejichagulia makazi. Siku ya kuuondoa, mzizi hukatika, na mche hunyauka. Kwa hiyo huinuliwa kabla ya wakati, kimzizi kinachochungulia kikakatwa kwa mkasi, ukawekwa kando kidogo.

"Nawafundisha kungoja," alisema.

Kilichongojwa kilikuwa ruzuku ya serikali. Uwanja ule, kutoka lango hadi mlango wa zahanati, ulikuwa mtupu kama kiganja. Mama Hamahama aliufagia kwa miaka mingi akiwa mhudumu wa zahanati, na kabla ya hapo aliwahi kusimama humo na bintiye wa mwisho, mtoto akamlegea begani kwa jua huku foleni haijasogea. Mtoto alipona, leo ni mtu mzima. Lakini mama mtu hakuusamehe uwanja. Alipostaafu alianza kukuza miche bila kutumwa na mtu.

Ndipo ilipotangazwa kwamba manispaa yetu imepata fedha za umma kwa ajili ya sensa ya miti na mpango wa misitu ya jamii. Utaratibu ulieleweka vizuri. Kwanza miti ya mji ingehesabiwa, mingine kwa miguu na mingine kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Kisha wananchi wangekaa na wataalamu kupanga. Mwisho, sehemu zilizokosa kivuli zingepewa uzio, bomba la maji na mtunzaji, halafu miche ipandwe. Afisa wa misitu, ambaye sisi sote tulimwita Bwana Miti, alifika kukiona kitalu. Alikuwa kijana mpole, mwenye kofia pana na viatu vilivyojaa vumbi. Alimsifu Mama Hamahama, akamwomba akuze miche mingi zaidi hapohapo uwanjani, ili siku ya kupanda isiwepo gharama ya kuisafirisha. Mradi ukamletea neti ya kijani ya kuikinga miche na jua. Ilipofungwa juu ya nguzo ilifunika karibu uwanja wote, na vigelegele vikapigwa.

Mkutano wa kupanga ulifanyika katika darasa la shule ya msingi. Ramani ilitandikwa mezani, na kila mmoja akapewa punje ya mahindi aiweke anapotaka miti. Punje zilirundikana juu ya uwanja wa zahanati hata mtaalamu akazikusanya kwa mkono, akisema inatosha, ameelewa. Mama Hamahama alirudi nyumbani akiimba.

Miezi ikapita. Siku moja ikasikika kwamba mpango umepitishwa, na ramani imebandikwa katika ofisi ya mtaa. Tulikwenda kundi zima. Wifi alitangulia kwa viwiko, akapaza sauti, "Hiki hapa! Kiwanja chetu kijani kitupu! Wifi, umeshinda!"

Watu wakashangilia. Bwana Miti, aliyekuwa amesimama kando ya dirisha, hakushangilia. Alikohoa.

"Mama," alisema, "kijani si pa kupanda. Kijani ni penye kivuli tayari. Pa kupanda ni rangi ya chungwa."

"Kivuli gani, mwanangu?"

"Ile picha ya angani... iliona neti."

Wifi akaangua kicheko, kile cha mtu aliyekosa pa kuyaweka machozi. "Jamani! Tuna msitu wa nailoni! Ndege nao watataga!"

"Neti ni yenu," Mama Hamahama alisema taratibu. "Mlileta nyinyi. Basi leo naifungua, mpige tena."

"Picha hupigwa mara moja kwa awamu, Mama. Ndege imeshaondoka na awamu imefungwa. Ramani ikishapitishwa huko juu, mimi siruhusiwi hata kuigusa. Sehemu za rangi ya chungwa zimeshagawiwa fedha, na wauza miche wao wameshapatikana."

"Njoo basi uangalie kwa macho yako."

Alikuja, siwezi kumnyima haki hiyo. Alisimama nje ya neti, jua likimpiga, akavua kofia na kujifuta jasho. Foleni ilimtazama.

"Umeona?" Mama Hamahama alimuuliza.

"Nimeona, Mama. Lakini macho yangu si kipimo kinachokubalika."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayeungama kwamba hana kitu mfukoni. Baadaye aliandika kuomba marekebisho, akajibiwa kwamba ombi limepokelewa na litazingatiwa awamu ijayo. Alipoulizwa awamu ijayo ni lini, alisema hilo halikuandikwa.

Yako mambo tuliyojaribu. Mvua za kwanza ziliponyesha tulipanda wenyewe miche kumi hivi karibu na lango, tukaizungushia miiba. Kabla wiki haijaisha mbuzi walikuwa wameimaliza, miiba wameiruka. "Mbuzi hawasomi ramani," wifi alisema, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Ndiyo maana uzio ulihitajika, na uzio ulikuwa ndani ya ruzuku. Majirani walikuja kuchukua mche mmoja mmoja wa kupanda nyuma ya nyumba zao. Mama Hamahama aliwapa kwa mikono miwili, akawaelekeza namna ya kumwagilia. Lakini mti wa uani haumfuniki aliye kwenye foleni.

Miche iliyobaki iliendelea kukua, maana kukua hakungoji idhini. Ikamfika kifuani, ikaanza kuisukuma neti kwa vichwa. Kuihamisha kukawa kazi nzito. Mgongo wake ulimuuma, naye akawa anakosa zamu moja, kisha mbili.

Asubuhi moja nilimkuta ameinamia mche mrefu kuliko yote. Aliuvuta, haukuja. Akauvuta tena, tukasikia mlio mdogo chini ya ardhi, kama kijiti kinapovunjwa. Aliushika mkononi kwa muda, mzizi mweupe ukiwa umekatika, kisha akaulaza pembeni. Akajaribu wa pili, nao ukalia vilevile. Wa tatu hakuuvuta.

Wakati huo foleni ilikuwa imefika langoni. Mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, alisogea ukingoni mwa neti.

"Bibi, naomba nijisitiri hapa kidogo. Jua limekuwa kali na mtoto ana homa."

Mama Hamahama alimtazama yule mtoto. Alitazama na miche, iliyojaa chini ya neti hata hapakuwa na pa kuweka mguu.

"Ngoja nikupishe," alisema.

Akaanza kuitoa ile iliyokuwa bado inainulika. Safari hii hakuipeleka kulia wala kushoto. Aliitoa nje kabisa, juani, akaipanga kando ya ukuta. Wifi alimwona kutoka kibandani, akaja na futi yake ya kupimia nguo ingali shingoni.

"Leo wanahamia wapi?" aliuliza.

"Nje."

"Si wataungua?"

"Wengine wataungua."

Wifi alishika kiriba upande wa pili, wakabeba pamoja, wakarudi, wakabeba tena. Nafasi ilivyopatikana chini ya neti ndivyo wanawake walivyoingia na kuketi chini na watoto wao, mmoja baada ya mwingine, wakibanana ili wengine nao wapate.

Kilipobaki kiriba kimoja, Mama Hamahama alikibeba peke yake. Alikiweka mwisho wa safu, akakata kimzizi kilichokuwa kinachungulia, akaushindilia udongo kwa vidole viwili. Kisha akafuta mkasi kwa upindo wa gauni, akautundika kwenye msumari wake.