Nani Alikula Ng'ombe wa Mahari?

Ni nani aliyekula ng'ombe wa mahari? Nimesoma hadi chuo kikuu, nimeoa mimi mwenyewe, na swali hilo bado limenishinda.

Tulipokuwa wadogo mtaani Kinama, kabla hata ya kujua kuandika majina yetu, mchezo wetu mkuu ulikuwa kuozana. Vizibo vya Fanta vilikuwa vinywaji vya wageni, na ng'ombe alikuwa parachichi lililochomekwa vijiti vya miguu. Kwa kuwa sikujua kunyamaza, niliteuliwa msemaji wa upande wa bwana harusi. Nilikohoa kwanza, kama wazee, nikatangaza kuwa tumepita tu kutafuta mtamba wetu aliyepotea. Mwenye adabu hasemi waziwazi kwamba amefuata mke.

Mariamu, msemaji wa bibi harusi, hakuwa na huruma.

"Ngombe yenu iko na miguu tatu!"

"Apana, mwingine ameukunja. Anasikia baridi."

"We muongo na kikohozi yako! Mi sitoi bibi!"

Tulibishana kwa ufasaha hata tukasahau mahari yenyewe. Tulipogeuka, ng'ombe alikuwa amebaki kokwa. Bwana harusi akaangua kilio, bibi harusi akakimbilia chooni, ndoa ikavunjika. Mama akaita kutoka jikoni: "Mukimaliza kuozana muje munawe! Muko na vumbi mpaka mu masikio!"

Hakuna aliyetuambia kwamba tunajifunza. Lakini kungoja zamu, kumsikiliza mpinzani na kudanganya kwa heshima, chuo kikuu kiliyakuta kwangu tayari.

Binti yangu Keza, mwenye miaka mitano, anakulia nyuma ya ukuta wa nyumba yetu, mtaani Gihosha. Simu anaiendesha kama mkurugenzi, ila mwalimu wake anasema hajawahi kumjibu mwenzake hata neno moja. Ijumaa mke wangu alipendekeza masomo ya ziada kila Jumamosi. Nilikaribia kukubali, kisha nikamkumbuka Mariamu.

"Mama Keza," nikasema, "kwanza tujaribu ng'ombe."

Asubuhi yake nilifungua geti, nikawaita watoto wa jirani. Parachichi lilikuwa limekwisha kuliwa pamoja na chai. Basi nikapiga magoti vumbini, kamba shingoni, nikiwa na suruali ya kazini. Binti wa jirani akakohoa, akanitoa mahari.

Keza alinizunguka kimya. Akanifunua mdomo, akachungulia meno.

"Apana," akasema, kwa sauti iliyofika barabarani. "Hii ngombe ni muzee. Mulete ingine!"