Mbwa Mwitu kwenye Sinia Letu

Harufu ya mawese motoni ndiyo iliyotukusanya jikoni kwetu Nyakitonto, watoto sita na sinia moja la ugali wa muhogo. Kwetu mtoto hakupakuliwa sahani yake. Ndugu walikula pamoja, na mwenye mkono mwepesi ndiye aliyeshiba. Neema, kitinda mimba wetu, alikuwa ametoka kuugua malaria. Alitafuna taratibu mno, na kabla hajafika popote sinia lilikuwa jeupe. Alikonda hadi gauni likawa linamvuka mabegani, nami niliogopa kweli kwamba tutamzika.

Muhula huohuo mwalimu wetu wa Kiingereza, mtu wa Tanga, alitufundisha kitenzi wolf. Maana yake, alisema, ni kufakamia chakula bila kukitafuna, na kimetokana na jina la mbwa mwitu wa huko Ulaya. Darasa likacheka. Nikauliza, “Mwalimu, kwani huyo hana meno ya kutafunia?”

“Anayo, tena makali. Lakini wanakula wengi mzoga mmoja. Akitafuna, wenzake wanammalizia.”

Wenzangu walizidi kucheka. Mimi nilikuwa naliona sinia letu.

Jioni nikamweleza mama. Kesho yake alimpakulia Neema sahani ya peke yake. Lo! Mtoto akaangua kilio. Kwetu anayetengewa chombo ni mgeni, au mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. “Mama, nimekosa nini?” aliuliza, na hakugusa kitu. Mama akakirudisha chakula kwenye sinia, akaketi nasi, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. “Hauingii mkono humu kabla Neema hajameza,” akasema. Kaka zangu waliguna, macho yote yakaganda kooni kwa Neema. Tulikula ugali uliopoa muhula mzima, naye akanenepa.

Leo naishi Kibondo mjini. Wanangu wana sahani zao, wanachezea chakula huku macho yako kwenye simu, na kinachobaki huliwa na kuku. Hakuna anayefakamia, na kwa hilo nashukuru. Juzi Neema alikuja kututembelea, mama mzima sasa, mwili umejaa. Akaitazama meza yangu, akaguna, akamimina sahani zote kwenye sinia moja. “Haya, wanangu, sogeeni.” Wakasogea, simu wakaziacha. Neema akamega tonge, akaanza kutafuna kwa mwendo wake uleule. Wanangu walikuwa wameshaanza kula. Mkono wangu ulikuwa umesimama hewani, nasubiri ameze.